"Poa, ila kichwa": kisa cha kugeuka njiani Mlima Meru

Saa kumi na dakika kumi alfajiri, kwenye ukingo wa kreta ya Mlima Meru, kati ya Rhino Point na Cobra Point, shemeji yangu alivua glavu ya mkono wa kulia ili afunge kamba ya kiatu. Upepo uliisukuma glavu, ikateleza kama hatua nne chini yake na kukwama kwenye jiwe. Aliitazama. Kisha akainuka na kuendelea kutembea mkono mtupu, katika baridi iliyokuwa imekwisha kugandisha maji kwenye mirija ya mabegi yetu. Mimi niliona, nikadhani amechoka. Askari wa hifadhi aliyekuwa nyuma yetu naye aliona, akasimamisha msafara mzima.

Ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya shemeji, na kwa sababu watu wengi wa Arusha, Moshi na Dar wanaopanga kupanda Meru huniuliza habari za viatu na makoti. Viatu na makoti vyetu vilikuwa vizuri. Kilichokaribia kutuangusha kilikuwa mahali pengine.

Kwanza mlima wenyewe, maana wengi wanauchukulia kama mazoezi ya Kilimanjaro. Kilele cha Meru, ambacho kibao chake kinaandikwa Socialist Peak, kina mita 4,562. Lango la Momella liko kwenye mita 1,500. Kibanda cha kwanza, Miriakamba, kiko mita 2,514. Cha pili, Saddle, mita 3,570. Hesabu hizo zitazame vizuri: usiku wa kwanza umelala mita elfu moja juu ya lango, usiku wa pili mita elfu moja nyingine, kisha usiku huohuo unaamshwa kupanda karibu mita elfu moja za mwisho. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ratiba ya kawaida ya Meru inauvunja ushauri huo usiku wa pili kwa kupanda zaidi ya mita elfu moja, na watu wengi hufika salama, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Kuna jambo la pili ambalo ramani haikwambii kwa sauti. Kutoka Saddle unapanda hadi Rhino Point, karibu mita 3,800, halafu njia inashuka kidogo, inapita kwenye mabamba ya mwamba ambako mikono nayo inafanya kazi, ndipo inaanza tena kupanda kwenye ukingo mwembamba wa kreta hadi Cobra Point, mita 4,350. Upande mmoja ni majivu na mawe yanayoteleza, upande mwingine ni ukuta wa kreta unaoporomoka mamia ya mita hadi kwenye koni ya majivu. Mtu akiugua baada ya Rhino Point, ile kanuni ya "mshushe haraka" inakutana na kipande ambacho lazima kwanza apandishwe. Tulikuwa tumekipita gizani tukicheka.

Tatu, Meru hupandwa kwa kusindikizwa na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Si hadithi ya kutisha wageni. Kwenye mbuga ya chini karibu na Momella tuliwaona makundi mawili, na kinyesi chao tulikikuta njiani hadi karibu na Saddle. Kundi letu lilikuwa na askari mmoja, mwongozaji mmoja na msaidizi wake. Sisi wenyewe tulikuwa sita: mimi, shemeji, rafiki zangu watatu wa Arusha, na dada mmoja mwalimu aliyedunduliza pesa ya safari hii kwa mwaka mzima na zaidi.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu, ana miaka 26, anacheza mpira kila jioni kwenye mchanga wa Dar es Salaam. Alipanda basi la usiku Alhamisi, akafika Arusha Ijumaa alfajiri bila kulala, akanywa chai kwetu, na kabla ya saa nne tulikuwa langoni. Usawa wa bahari jana yake, mita 2,514 jioni ya leo. Dada yake aliniuliza jikoni, "Hatapumzika hata siku moja?" Nikamjibu kwamba kijana ana mapafu ya farasi. Hilo ndilo kosa la kwanza, nami ndiye mwenyewe. Sisi watu wa Arusha tunalala kwenye mita 1,400 kila siku ya Mungu. Tulimpima yeye kwa damu zetu. Nguvu za mpira hazina uhusiano na jambo hili kabisa. Mwili hupata nafuu ya hewa nyepesi kwa kupewa siku, na kijana mwenye misuli huweza hata kuumia zaidi kwa kuwa anao uwezo wa kupanda haraka kuliko ubongo wake unavyozoea.

Ijumaa ilikuwa nzuri. Jumamosi, kwenye ngazi za mbao zisizokwisha kati ya Miriakamba na Saddle, alianza kubaki nyuma. Pale Mgongo wa Tembo, karibu nusu ya njia, mwongozaji aliuliza, "Uko poa?" Akajibu, "Poa, ila kichwa kinagonga kidogo." Tukasema ni jua.

Tulifika Saddle saa nane mchana. Baada ya chakula kundi lilikwenda Little Meru, kilima cha mita 3,820 kilicho jirani, ili miili ionje mwinuko kisha ishuke kulala. Yeye alibaki kitandani. Jioni alikula vijiko vitatu vya wali. Nikamuuliza, "Vipi shemeji, uko sawa?" "Sawa tu, ila sina hamu ya kula." Nikampa Panadol mbili. Saa mbili usiku kichwa kilikuwa kimetulia, na mimi nikalala kwa amani.

Panadol ile si dhambi, na hata madaktari huiruhusu kwa kichwa cha mwinuko. Lakini kichwa ndicho king'ora chetu kikuu huko juu. Maumivu ya kichwa, pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu, katika mtu aliyepanda karibuni: huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Shemeji alikuwa na kichwa, hamu ya kula haikuwepo, na uchovu ulimzuia kwenda matembezi ambayo mwalimu wa miaka 41 alikwenda akiimba. Vitatu kati ya vinne. Niliizima sauti ya kimoja, nikaviona viwili vilivyobaki kuwa uvivu. Kanuni kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba hapandi hata hatua moja kulala au kutembea juu zaidi mpaka dalili ziishe, na zikizidi anashuka.

Tulikuwa na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Mimi nilisoma 86, shemeji 81, na yule mwalimu 79, naye ndiye aliyekuwa mzima kuliko sote. Basi tukakitupa begini na kusema hakina maana. Kusema kweli kina maana yake, ila namba peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani wala kumwachilia, na kidole cha baridi hudanganya. Tulitumia namba ya mwalimu kupuuza mwenendo wa shemeji, wakati mwenendo ulikuwa wazi mbele yetu kwenye sahani ya wali.

Tuliamshwa saa sita na nusu, tukaondoka saa saba na robo. Rhino Point tulifika saa nane na nusu. Hapo ndipo palikuwa na lango la kweli la kisa hiki, na hakuna aliyesimama kulitazama. Nikikumbuka sasa, alikaa chini mara tu tulipofika, akaegemeza kichwa magotini. Msaidizi akamwinamia: "Kaka, mambo?" "Poa, ila nina usingizi." Dakika tano baadaye tukashuka kwenye mabamba.

Hili neno "poa" nimelifikiria sana tangu siku ile. Kwa malezi yetu mtu akiulizwa hali hujibu njema kwanza. Mgonjwa aliyelazwa atakwambia "sijambo", ndipo aongeze "ila usiku sikulala". Habari yenyewe imo baada ya "ila". Nyumbani tunalijua hilo, tunavuta kiti na kusubiri. Mlimani gizani, masikio yamefunikwa na kofia, kila mtu anaogopa kuonekana ndiye anayechelewesha wenzake, na muulizaji naye anataka kusikia neno moja tu. Shemeji alitoa "ila" yake mara tatu tangu Jumamosi asubuhi, na hakuna mara moja tuliyoidaka. Na hapo kuna deni jingine: mimi ni mume wa dada yake. Kijana wa kwetu hawezi kumwambia shemeji yake mkubwa, mbele ya watu, kwamba amemlipia safari isiyomfaa.

Pole pole nayo ilituficha. Mwendo ule ni sahihi na ninautetea, lakini wote mkitembea kama wagonjwa, mgonjwa haonekani. Taa za vichwani zinaangaza visigino vya aliyetangulia, hakuna anayeona uso wa mwenzake. Askari alikuwa nyuma, akiutazama mstari wote kwa mbali kidogo, na ndiye peke yake aliyeona kwamba kijana wa tatu anaweka mguu mahali tofauti na alipokusudia.

Baada ya glavu, afande alifanya jambo ambalo ningependa kila mpanda mlima alijue. Kwenye majivu yale hata mtu mzima hupepesuka, kwa hiyo alitafuta bamba la mwamba lililo sawa, mbali na ukingo, akamwambia mwongozaji asimame upande wa kreta. Akaniambia mimi nianze: tembea hatua kumi, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma, mstari mmoja. Nikatembea. Nilikuwa nimechoka na nina baridi, nikayumba mara moja. Kisha shemeji. Hatua ya pili alitoka nje ya mstari, ya tatu akamshika mwongozaji. Afande akamuuliza jina la kibanda tulicholala. Akafikiri muda mrefu, akasema, "Momella."

Baridi kali pekee huweza kumfanya mtu azubae na kudondosha vitu. Njaa pia, kwa mtu ambaye hajala. Mwalimu alisema hivyo palepale, na hakuwa mjinga: tumpe chokoleti na chai ya chupa, tumfunike, tusubiri. Lakini katika mwinuko, mtu mwenye historia ya kichwa kinachouma ambaye sasa anapepesuka na kuchanganyikiwa anahesabiwa kuwa ubongo wake umeanza kuvimba, na hali hiyo huweza kumfikisha kwenye kupoteza fahamu ndani ya saa chache. Ukikosea kwa kumshusha mtu mwenye njaa, umepoteza kilele. Ukikosea upande ule mwingine unarudi na maiti. Chai tulimpa, tukimwinua.

Kisha yakaja mabishano ambayo yananiumiza kuliko kosa la basi.

Rafiki zangu wawili na mwalimu walitaka kuendelea. Kilele kilikuwa mbele kwa saa mbili hivi, hali ya hewa ilikuwa safi, nyota zote ziko nje. Walipendekeza mimi na msaidizi tumshushe shemeji, wao waende na mwongozaji. Swali likawa: bunduki inakwenda na nani? Afande akasema yeye hakubali kundi likatike vipande viwili gizani, kimoja bila ulinzi, na kwamba mgonjwa anayepepesuka kwenye mabamba yale anahitaji watu wasiopungua wanne, wawili wa kumshika na wawili wa kuangaza na kupokezana. Rafiki yangu mmoja akasema maneno makali kuhusu pesa. Mwalimu akanyamaza, akageuza uso. Tulisimama pale dakika 25 kwenye upepo, na mgonjwa amekaa kwenye jiwe akitetemeka, mkono wake wa kulia nimeuvika soksi yangu ya akiba.

Nimeulizwa mara nyingi kama ilikuwa lazima wote wageuke. Jibu langu ni ndiyo kwa usiku ule, kwa idadi ile ya watu. Lakini nadhani kundi lingeweza kugawanyika kihalali endapo tungelipanga mapema: kuomba askari wa pili langoni, kukubaliana tukiwa Saddle nani atamshusha nani na hadi wapi, na kuiweka Rhino Point kuwa mahali pa mwisho pa mtu yeyote kuamua kwamba anarudi. Hayo yangegharimu pesa kidogo na mazungumzo ya robo saa baada ya chakula cha jioni. Tukayaacha, kisha tukayafanya alfajiri, kwenye ukingo, kila mtu akiwa na hewa ya kufikiria pungufu ya anayoizoea. Uamuzi wa afande ulikuwa sahihi. Aliyemweka mahali pa kulazimika kuutoa kwa ukali ni sisi.

Kurudi Rhino Point kulichukua saa moja na dakika 20. Kwenye mabamba mwongozaji alitangulia chini yake akimwekea miguu kwa mikono, mguu mmoja, kisha mwingine. Alitapika mara mbili. Kile kipando kidogo cha kurudi Rhino Point, ambacho kwenye ramani hukioni, tulimsukuma kama gunia. Rafiki yule wa maneno makali ndiye aliyemshika kwapani njia nzima na hakukubali kupokewa. Jua lilitoka nyuma ya Kilimanjaro, hakuna aliyesimama kupiga picha.

Saddle palikuwa na kishawishi: kitanda, uji wa moto, na mgonjwa mwenyewe akiomba alale. Wapagazi walikuwa wamekwisha tandika. Mwongozaji alikataa. Saddle ndipo alipougua. Kulala pale ni kumrudisha kwenye hewa ileile iliyomwangusha. Tulimnywesha uji kidogo, tukampa dakika kumi, tukaendelea kushuka ngazi za mbao. Begini tulikuwa na asetazolamaidi, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, ambayo hakuna aliyeimeza, kwa sababu tuliinunua "kwa dharura". Dawa hiyo kazi yake kubwa ni kinga, huanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa maelekezo ya daktari. Deksamethasoni, ambayo kwa ubongo unaovimba huweza kununua muda wa kumshusha mtu, hatukuwa nayo kabisa. Hata tungekuwa nayo, kushuka kungebaki palepale.

Pale Mgongo wa Tembo, saa tatu kasorobo asubuhi, alisimama mwenyewe bila kushikwa. Mbega walikuwa wakirukaruka kwenye miti ya chini. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaniuliza, "Shemeji, hii ni soksi. Glavu yangu iko wapi?" Mwalimu, aliyekuwa hajasema neno tangu Rhino Point, akakaa chini kwenye ngazi akalia.

Miriakamba alikula wali sahani nzima. Jioni, Arusha, daktari alimpima, akamkuta anatembea kwenye mstari bila tatizo na hana dalili ya maji mapafuni. Alisema maelezo yetu yanafanana na mwanzo wa ubongo kuvimba, na kwamba kwa mtu aliyekwisha pona hawezi kuapa. Kichwa kiliendelea kumsumbua siku mbili. Mke wangu aliongea nami siku ya tatu.

Tangu hapo nimebadilisha maswali. Simuulizi mtu kama yuko poa. Namuuliza amekula nini na kiasi gani, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi, jana alilala saa ngapi. Namwambia anifungulie chupa yake mwenyewe bila kuondoa macho kwangu. Namuuliza mambo ambayo adabu haina jibu lake tayari. Akisema "ila", nasimama, wote tunasimama, nasubiri amalize sentensi.

Mwalimu anarudi Meru mwezi wa tisa. Sisi watano tuliokuwa naye tumemchangia sehemu ya gharama, na safari hii ni ya siku tano: usiku wa ziada Miriakamba, usiku wa ziada Saddle, na maombi ya askari wawili tayari yamepelekwa. Yeye ndiye atakayetangulia nyuma ya mwongozaji. Shemeji naye anakuja. Amekata tiketi ya basi la mchana, na atakaa kwetu siku nne kwanza. Dada yake amekwisha mwandalia chumba.